Msaada wa Choo, Inapowezekana

Shule ya Msingi ya Tamarack ina vyoo kumi na vinne, na vyote vinafanya kazi. Sibahatishi, imeandikwa kwenye ripoti ya wilaya, ukurasa wa tatu, pamoja na picha ya rangi ya sinki jipya. Kimoja kati ya hivyo ni kipana, kina vyuma vya kushikilia ukutani, na mlangoni pamebandikwa alama ya kiti cha magurudumu. Siku ya kukizindua walikata utepe na kula keki. Kilichosahaulika ni kitu kidogo tu: mtu wa kumsaidia mtoto akiwa humo ndani.

Corinne Pelkey alikuwa na miaka tisa, ulimi mkali kuliko wa bibi yake, na mtindio wa ubongo ulioikaza miguu yake. Alitembelea fremu ya magurudumu na alifika popote alipotaka kufika, polepole. Ila kufungua suruali, kukaa na kusimama tena alihitaji mtu mzima wa kumshika. Mpango wake, yaani ule waraka ambao wilaya yetu humwandikia kila mtoto wa elimu maalumu, ulisema atapewa "msaada wa choo, inapowezekana." Tangu darasa la kwanza ilikuwa imewezekana mara chache mno, hasa siku za wakaguzi.

Basi mtoto akajitafutia dawa mwenyewe. Akaacha kunywa. Maziwa ya asubuhi akawa anampa aliyekaa naye, maji hayagusi, na akirudi nyumbani midomo imempasuka. Siku nyingine dawa hiyo ilishindwa kazi. Jumatano moja ya Januari alishuka kwenye basi la shule amevaa suruali ya mvulana, ya kijani, imeandikwa BINGWA matakoni. Suruali yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, umefungwa fundo.

Mama yake, Rhonda, alikuwa amesimama kwenye theluji kumpokea.

"Nani kakuvika hii?"

"Nesi. Kaitoa kwenye kapu la vitu vilivyopotea." Corinne alishusha sauti. "Mama, usiseme kitu. Niliwaambia watoto nimemwagikiwa na juisi."

"Wakaamini?"

"Wote. Isipokuwa Bryce. Bryce alinusa."

Rhonda hakusema kitu, kama alivyoombwa. Aliubeba ule mfuko mpaka ndani, akauingiza kwenye mashine ya kufulia pamoja na fundo lake, kisha akasimama pale jikoni akilia kwa hasira. Kutwa nzima kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alifua mashuka yaliyokojolewa na watu wa miaka tisini, na kila mmoja wao alikuwa na mtu wa kumpeleka chooni.

Kikao cha Mpango kilikuwa Jumanne iliyofuata, saa mbili asubuhi. Walimkalisha Rhonda kwenye kiti cha darasa la kwanza, magoti yakamfika kidevuni. Upande wa pili walikaa watu saba. Kila mtu alikuwa na cheo: Daktari huyu, Mtaalamu yule, Mratibu wa hili na lile. Rhonda aliitwa "mama." Si ile ya heshima tunayoijua sisi. Hii ilikuwa ya kuokoa muda wa kutafuta jina lake kwenye jalada.

"Mama, tuanze na mazuri," alisema Daktari Prewitt, mkurugenzi wa elimu maalumu wa wilaya, mwanamke nadhifu mwenye viatu vyeupe. "Corinne ni furaha ya shule yetu."

Wenye uzoefu na vikao hivi wanajua. Mtoto wako akianza kusifiwa namna hiyo, kuna kitu ananyimwa.

"Corinne kajikojolea Jumatano," alisema Rhonda.

"Sisi tunaliita tukio la unyevu," alisema nesi kwa upole.

"La ngapi?"

Mwanasaikolojia alifurahi kuulizwa, maana alikuwa amekuja na mchoro. "La kumi na moja. Muhula uliopita yalikuwa kumi na matatu, kwa hiyo tumeshuka kwa asilimia kumi na tano!"

"Yameshuka kwa sababu mtoto haonji hata maji!"

"Huo ni mkakati wake binafsi," alisema Daktari Prewitt. "Na tunapenda sana watoto wanaojitegemea."

Rhonda alikuwa amejiapiza kwamba leo hapandishi sauti. Aliishika meza. "Ninaomba kitu kimoja. Liondoeni neno inapowezekana. Hilo tu. Iandikwe msaada wa choo, nukta."

Watu saba wakaangalia karatasi zao kwa pamoja.

"Neno hilo ni la kisheria, mama. Linatulinda sote."

"Corinne linamlindaje?"

Lilisogezwa boksi la tishu. Msaidizi shuleni alikuwa mmoja tu, walieleza, naye ameshapangiwa mtoto mwingine. Na wao wangependa, tena sana, lakini mikono imefungwa. "Mimi na wewe hatuna la kufanya," alisema Daktari Prewitt akiangalia saa. "Karatasi ndiyo inayosema." Kisha wakampa kijitabu cha Haki za Mzazi, kurasa arobaini na nne, herufi za kutafuta kwa tochi. Kila mwaka hutolewa. Nyumba moja hapa mtaani wameviweka vinne chini ya mguu wa friji, na friji imetulia kabisa.

Mpango mpya uliletwa Ijumaa kwenye mkoba wa Corinne, umeshasainiwa na mkurugenzi na mwalimu mkuu, unasubiri saini ya mzazi tu. Aliyeusoma ni Verna, mama mkwe wa Rhonda. Verna alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha matunda ya cheri, mwisho wa mkanda, akitafuta makopo yaliyobandikwa lebo isiyo yake. Hajawahi kuona karatasi akaiacha. Husoma hata maelezo ya chupa ya shampuu.

"Rhonda, mwanangu," aliita kutoka sebuleni. "Tangu lini Corinne anaitwa Nico?"

"Nini tena, Mama?"

"Njoo uone. Ukurasa wa kumi na moja. 'Nico atakuwa na msaidizi wake peke yake, kila siku, tangu anaposhuka kwenye basi mpaka anapopanda.' Juu pameandikwa Corinne Pelkey, chini namba ya Corinne, katikati kakaa Nico."

Rhonda aliusoma ukurasa mara tatu. Ilitokea hivi. Sheria inataka kila mtoto aandikiwe Mpango wake mwenyewe, kwa mahitaji yake mwenyewe. Kwetu huchukuliwa Mpango wa mtoto aliyetangulia, jina likafutwa, likaandikwa la anayefuata, na ofisi ikaenda kula chakula cha mchana. Safari hii mtu alikuwa na njaa zaidi ya kawaida.

"Inapowezekana imekwenda wapi?" aliuliza Rhonda.

"Haipo. Nimeitafuta kurasa zote."

Dwight, mume wa Rhonda, ambaye kazi yake ni kuendesha gari la kufagia theluji barabarani, aliweka chini kikombe chake. "Hayo ni makosa yao. Wapigieni simu. Dukani ukipewa chenji iliyozidi, unairudisha."

"Duka hilo limekuuzia maziwa yaliyochacha miaka mitatu," alisema Verna. "Wewe mwanangu umerithi uungwana wa baba yako, na yeye alikufa anadaiwa msamaha na watu waliomkosea."

"Mama, kuusaini ni uongo."

"Uongo wa nani? Mimi sikuandika. Rhonda hakuandika. Wamesema karatasi ndiyo inayosema. Haya, imesema!"

Rhonda alijiuliza huyo Nico ni nani. Alijiuliza kidogo tu, kwa makusudi, kama mtu anayegusa sufuria ya moto na kuondoa kidole. Kisha akaipata kalamu, akasaini.

Jumatatu Bi Opal, yule msaidizi mmoja wa shule, alikuwa amesimama kituo cha basi cha shule, sweta hadi magotini, akimngoja Corinne. Mwalimu mkuu alikuwa amesoma ukurasa na kuutii. Mkurugenzi ameshasaini, yeye ni nani ahoji? Siku hiyo Corinne alikunywa maziwa pakiti mbili. Mezani jioni, kabla ya mtu kugusa tambi zake, alitangaza: "Leo nimekwenda chooni mara tatu!" Dwight alipiga makofi. Verna akasema hata yeye katika umri wake hajafikia rekodi hiyo. Kwa wiki mbili nyumba ile ilikuwa na furaha ya watu waliopata kitu ambacho jirani zao wanacho bila kujua kuwa wanacho.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Corinne alikaa mezani jioni bila kugusa chakula.

"Leo Nico kaokotwa barabarani," alisema, akichezea uma.

Rhonda aliweka kijiko chini. "Nico yupi?"

"Nico Montalvo wa darasa la pili. Yule asiyeongea. Kapenya mlangoni bila koti, akaenda kuangalia magari. Bi Opal kalia sana. Alikuwa wa Nico kabla hajawa wangu."

"Ilikuwa saa ngapi?" aliuliza Dwight.

"Saa nne na nusu."

"Barabara ya mbele ya shule?"

"Ndiyo, baba."

Dwight alisukuma sahani. Saa nne na nusu alikuwa amepita hapo hapo na tani kumi na mbili za chuma, theluji inapiga kioo, redio imefunguliwa. Hakumwona mtoto yeyote. Hilo ndilo lililomtisha. Alinyanyuka akaenda kusimama bafuni, maji yanatiririka.

"Mrudishieni Bi Opal," alisema Corinne. "Mimi najua kubana. Nico hajui magari."

Jamani! Mtoto wa miaka tisa. Watu saba wenye shahada hawakuwahi kutoa pendekezo lililoeleweka namna hiyo.

Kesho yake Daktari Prewitt alipiga simu mwenyewe. Sauti ilikuwa ya asali. Kumetokea hitilafu ndogo ya uchapaji, mama, kurasa mbili zimebadilishana, hakuna wa kulaumiwa. Kilichobaki ni saini tu, Jumatatu, dakika tano. Rhonda alijibu atafika. Kisha akauchukua ukurasa wa kumi na moja, akaenda nyumbani kwa akina Montalvo.

Graciela Montalvo, mama yake Nico, alifungua mlango bila kutoa mnyororo. Rhonda akampitishia karatasi kwenye uwazi. Graciela aliisoma polepole.

"Hili ni jina la mwanangu."

"Ndiyo."

"Na wewe ulisaini."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna jina," alisema Rhonda. "Sikutaka kujua kuna mtoto. Nisamehe."

Mlango ulifungwa. Rhonda alikuwa ameshafika kwenye ngazi aliposikia mnyororo unatolewa.

"Rudi hapa!" Graciela alikuwa amekunja uso, machozi yanamtoka, kidole kimenyooka. "Usiniombe msamaha nje, majirani wanatazama. Ingia. Kwenye Mpango wa wangu wameandika inapowezekana. Nilisaini, mjinga mimi! Mkalimani wangu wa Kihispania hakuja, wakaniambia hakuna kilichobadilika. Mwanangu nusura afe kwa neno moja. Wako ameishi na hilo neno miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Mitatu!" Alivuta kiti kwa mguu. "Kaa. Sijakusamehe, lakini kaa."

Walikaa mpaka giza likaingia. Baadaye Verna akaja na kile kijitabu cha Haki za Mzazi, amekiwekea vipande vya karatasi ndani kama Biblia ya mchungaji.

Jumatatu Daktari Prewitt alikuwa ameandaa fomu mbili na kalamu mbili. Hakutarajia kuona wanawake watatu, wala hakutarajia Verna aingie na kiti cha kukunja alichokuja nacho kutoka nyumbani.

"Mimi na magoti yangu hatukai kwenye viti vya watoto," alieleza Verna. "Endeleeni."

"Kwanza niseme," alianza Daktari Prewitt, "kwamba Corinne na Nico ni furaha ya..."

"Lete karatasi," alisema Graciela. Alisoma fomu yake mstari kwa mstari, kidole juu ya kila neno, na wote saba wakamsubiri. Msaidizi wake peke yake, kila siku, tangu anaposhuka kwenye basi mpaka anapopanda. Akasaini.

"Vizuri sana. Na wewe, mama?"

Rhonda aliirudisha fomu yake. "Sisaini."

"Labda hukunielewa, mama. Yake inamrudishia Nico msaidizi. Yako inamrudisha Corinne pale alipokuwa."

"Jina langu Rhonda. Na nimekuelewa vizuri kabisa."

"Lakini ule ukurasa ni makosa!"

"Ukurasa una saini yako."

"Msaidizi ni mmoja!"

"Kwenye karatasi wako wawili."

Daktari Prewitt alicheka kidogo, peke yake. "Karatasi inaweza kurekebishwa na wilaya wakati wowote."

"Haiwezi," alisema Verna, akifungua kijitabu. "Ukurasa wa ishirini na sita. Mzazi akipinga badiliko, mtoto anabaki na huduma alizonazo mpaka jaji aamue. Nikusomee? Herufi ni ndogo, lakini nimekuja na miwani."

"Bibi, kwa heshima zote, kile kijitabu hakikukusudiwa..."

"Kusomwa?"

Nesi alikohoa. Mwalimu mkuu alianza kuchunguza dari.

"Tunaweza kwenda kwa jaji," alisema Daktari Prewitt, na safari hii asali ilikuwa imeisha.

"Nendeni," alisema Rhonda. "Mwambieni mlimpa mtoto choo kwa bahati mbaya na sasa mnataka kumnyang'anya. Nitavaa gauni zuri siku hiyo."

Watu saba walipiga hesabu ile ile. Bi Opal anarudi kwa Nico kesho asubuhi. Corinne anabaki na ukurasa wake. Walimu wote wana madarasa, nesi anahudumia shule tatu, mwalimu mkuu ni mwanamume.

"Kuajiri mtu kunachukua muda," alisema mwalimu mkuu polepole. "Kesho saa nne atampeleka nani?" Kisha, kwa ujasiri ambao tangu siku hiyo tunamheshimu kidogo, akamwangalia mkurugenzi wake. "Daktari, wewe huna darasa."

"Mimi nina shahada ya uzamivu!"

"Haitakuzuia kufungua kifungo," alisema Verna, na akaanza kukunja kiti chake.

Kesho yake, saa nne kasoro dakika tano, Daktari Prewitt alisimama mlangoni mwa darasa la nne na viatu vyake vyeupe. Msichana mwenye fremu ya magurudumu alitoka akamtazama juu chini.

"Wewe nani?"

"Mimi ni Daktari Prewitt."

"Wa sindano?"

"Hapana. Wa... mipango. Mimi ndiye ninayeandika Mpango wako."

"Kumbe una uso," alisema Corinne. "Twende haraka."

Kwa miaka mitatu yule mwanamke alikuwa ameandika habari za mtoto huyu, kurasa zaidi ya mia. Alijua urefu wake, uzito wake, nyuzi za mkunjo wa magoti yake na asilimia za unyevu. Hakujua kwamba ana pengo mbele, wala kwamba akiharakisha hutoa ulimi nje kidogo.

Ndani ya choo kile kipana mambo yalianza kwa mpangilio mbaya. "Funga breki kwanza. Si hiyo! Hiyo ya chini," alielekeza Corinne. "Sasa nishike kwapani. Daktari, si shingoni!" Fremu ikateleza. Daktari Prewitt akaikimbilia, akamwachia mtoto, akamrudia mtoto, akaiachia fremu. Kifungo cha suruali kilikuwa kipya na kigumu, kucha zake zilikuwa ndefu, na wiki tatu za maziwa zilikuwa zimemsahaulisha Corinne namna ya kubana.

"Vuta! Vuta kwa nguvu!"

"Ninavuta! Subiri kidogo, tafadhali, subiri..."

Corinne alisubiri kadiri ya uwezo wake. Kisha akaacha kupapatika, akashika chuma cha ukutani kwa mikono miwili na kuangalia pembeni, kwa ustaarabu, kama mtu anayempa mwenzake faragha. Sakafu ikalowa. Viatu vyeupe vikalowa.

Daktari Prewitt alikuwa amepiga magoti palepale, kidole bado kiko kwenye kifungo. Alijaribu kusema samahani, lakini machozi yakaanza kumdondoka juu ya mikono yake mwenyewe.

Corinne aliinama akampigapiga begani.

"Usilie, Daktari. Hata mimi siku ya kwanza nililia. Utazoea."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Daktari Prewitt hakuzoea. Msaidizi wa pili, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hapatikani popote katika jimbo zima, alianza kazi Ijumaa.